Ndiyo, Mwalimu

Mwalimu wa darasa la tano amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. "Moyo husukuma da…" anasema, akiivuta sauti. "Damu!" wanamalizia watoto 80. "Nayo damu hutoka kwenye moyo kupitia mishipa iitwayo ate…" "Ateri!" "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Kengele inagongwa, ubao unafutwa, na katika andalio la somo, kwenye nafasi ya tathmini, panaandikwa kwamba wanafunzi wengi wameelewa. Aliyesoma shule ya msingi popote kati ya Kigoma na Lamu anaijua sauti hii, na wengi tunaihesabu kuwa dalili ya somo lililokwenda vizuri. Hoja ya sura hii ni kwamba sauti hiyo humfichia mwalimu jambo analolihitaji kuliko yote kabla hajafungua mada inayofuata: nani ameshika na nani hajashika. Mbinu nyingine za darasani, ziwe za vikundi, za zana, za michezo au za picha, hazina pa kuegemea mpaka jambo hilo lijulikane.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kiitikio chenyewe. Mwalimu anapolikata neno katikati hajauliza swali. Ametoa jibu, akaacha mkia wake nje ili darasa liukamate. Watoto 15 wenye sauti wanatosha kukijaza chumba. Wengine wanaingia nusu pumzi baadaye wakiwafuata, na wengine wanafungua vinywa tu. Mtoto ambaye hakuwepo Jumatatu na Jumanne kwa sababu alibaki nyumbani kumlea mdogo wake anasema "Ateri!" kwa nguvu ile ile ya mwenzake aliyekisoma kitabu chote. Swali la "Mmeelewa?" ni baya zaidi, maana lina jibu moja tu lisilo na hatari. Anayesema "hapana" mbele ya wenzake 79 anatangaza mambo mawili kwa mpigo: kwamba yeye ni mzito, na kwamba mwalimu hakueleza vizuri. La kwanza linamletea kicheko, la pili laweza kumletea fimbo, na malezi ya nyumbani yamekwisha kumwonya kwamba mkubwa habishiwi. Kwa hiyo anasema ndiyo. Daktari ambaye angesimama mlangoni mwa wodi, akauliza "Mmepona?", akaitikiwa "Ndiyo, daktari!", kisha akawaruhusu wagonjwa wote waende makwao, tungemshitaki. Mwalimu anayefanya vivyo hivyo tunamsifu kwa kumaliza mada.

Pengo kati ya sauti ya darasa na kichwa cha mtoto mmoja limekwisha kupimwa. Mwaka 2010, wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima ujifunzaji wa watoto, walipopita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, ni watoto wapatao 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kuisoma. Magazeti yaliishika takwimu hiyo, lakini mwalimu ana zaidi la kujifunza kutokana na namna watoto walivyopimwa. Kila mtoto alikaa na mpimaji peke yake, akapewa karatasi, akasubiriwa. Hakukuwa na jirani wa kumfuata wala neno lililokatwa katikati. Watoto hao hao, wakiwa madarasani mwao, walikuwa wakisoma kwa sauti kubwa pamoja na wenzao, na katika sauti ile hakuna sikio la mwalimu lililoweza kuwatenga 3 na wale 7.

Mfano wa pili unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakazilinganisha na shule nyingine ambazo hazikupata. Matarajio ya kila mtu yalikuwa kwamba alama zingepanda. Alama za watoto kwa jumla hazikupanda. Walionufaika ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa juu. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na kwa kasi ya mtoto ambaye hakuwahi kubaki nyuma. Tunalalamika kila mwaka kwamba hakuna vitabu, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hata kitabu kizuri hakimfai mtoto ambaye mwalimu wake hajui kwamba ameachwa tangu ukurasa wa nne.

Lugha inaingia hapa kwa mlango mwingine. Mtafiti Keith Chick, alipochunguza somo la hisabati katika shule ya KwaZulu enzi za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuta mwalimu na wanafunzi ambao kwa pamoja, bila kupatana kwa maneno, walikuwa wamejenga namna ya kuzungumza isiyomwaibisha yeyote: mwalimu anauliza yale ambayo jibu lake linajulikana, darasa linaitikia kwa pamoja, na somo linaonekana kusonga. Makala yake ilichapishwa mwaka 1996, na mwalimu wa kidato cha kwanza Tanzania akiisoma leo hatahitaji maelezo. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari, na ghafla baiolojia, jiografia na hisabati vinakuja kwa Kiingereza. Mwalimu mwenyewe pengine hana raha na lugha hiyo. Wote wawili wanahitaji mahali salama pa kujificha, na kiitikio kinawapa. Sioni sababu ya kuwalaumu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba lawama ikiondolewa, tatizo bado lipo mezani: mwalimu anaondoka darasani akiwa na habari ile ile aliyoingia nayo.

Pingamizi la kwanza, na la uzito, ni la idadi. Mwalimu mwenye watoto 80 atamsikilizaje mmoja mmoja? Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa sawasawa, kila mtoto anapata nusu dakika, na mwalimu mwenyewe hajafundisha hata neno. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayoonyesha kwamba kumwita mtoto mmoja ubaoni huku 79 wakitazama si suluhisho. Kinachohitajika ni njia ya watoto wote kujibu kwa wakati mmoja, kila mmoja jibu lake, na mwalimu kuyaona majibu yote kwa macho. Sauti huchanganyika, vitu vinavyoonekana havichanganyiki. Njia rahisi ni vidole. Mwalimu anaandika ubaoni 53 − 27, na chini yake majibu manne: la kwanza 26, la pili 34, la tatu 36, la nne 80. Watoto wanafanya hesabu kimya kwenye madaftari. Kwa ishara moja, kila mtoto anaweka kifuani vidole vinavyoonyesha namba ya jibu alilochagua, karibu na kifua ili aliye nyuma yake asione. Mwalimu anapitisha macho safu kwa safu. Sekunde 15 zinatosha kujua kama darasa liko salama au limegawanyika. Palipo na vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, watoto waandike na kuvinyanyua. Pasipo na vibao, vipande vya boksi vilivyoandikwa A, B, C na D hufanya kazi hiyo hiyo, na vidole havihitaji hata boksi.

Siri ya zoezi hilo iko katika majibu yasiyo sahihi zaidi kuliko katika vidole. Namba 34, 36 na 80 hazikuokotwa. Aliyeonyesha vidole viwili ametoa 3 kwenye 7 badala ya 7 kwenye 3, kwa sababu kichwani mwake kutoa maana yake ni kuchukua kidogo kutoka kikubwa, popote kilipo. Aliyeonyesha vitatu anajua kuazima kumi, lakini amesahau kuipunguza kule alikoiazima. Wa vidole vinne amejumlisha, na huenda hana tatizo lolote zaidi ya kutotazama alama. Hao ni wagonjwa watatu wa maradhi tofauti, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Kuwarudishia wote maelezo yale yale, polepole zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, kama tulivyozoea, kunamsaidia pengine mmoja wao. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi iko hapa: kukaa jioni na kujiuliza, mtoto akikosea mada hii, atakosea kwa njia zipi? Mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa miaka mitatu anazijua njia hizo kuliko mtunzi yeyote wa kitabu. Anajua kwamba nusu jumlisha theluthi itazaa mbili ya tano, kwa kuwa watoto hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Anajua kwamba ukiuliza sehemu kubwa ya mbao kavu za mwembe ilitoka wapi, wengi watasema udongoni, hata waliokwisha kukariri kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa hewa ya ukaa, maji na mwanga wa jua. Swali linalozitegea njia hizo mtego lina thamani kuliko maswali kumi ya kutaja na kuorodhesha. Maswali matatu ya namna hiyo kwa somo yanatosha. Ukiandaa manane hutayatumia, na ukiandaa moja zuri ukalihifadhi, litakufaa mwaka kesho na mwaka wa kesho kutwa.

Si kila swali linafaa kuchaguliwa jibu. Yapo ambayo mtoto lazima afafanue kwa maneno yake, na hapo mwalimu anahitaji vitu viwili visivyo na gharama, ambavyo ni kimya na mpangilio wa jina. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi na mwaka 1974 akaeleza alichokikuta: baada ya kuuliza, walimu walisubiri kwa wastani sekunde moja hivi, kisha wakarudia swali, wakamtaja mwingine au wakajibu wenyewe. Waliofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, "sijui" zikapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kujitokeza. Sekunde 3 ni ndefu kwa aliyesimama mbele ya darasa. Kimya humtisha mwalimu kwa kuwa kinafanana na kushindwa. Ajizoeze. Kisha jina lije baada ya swali, kamwe lisitangulie. Ukisema "Neema, kwa nini maji ya bahari hayafai kunyweshea mahindi?", watoto 79 wamekwisha kupumzika kabla swali halijaisha. Ukiuliza kwanza, ukanyamaza, ndipo ukataja jina, kila mmoja amelazimika kujiandaa. Na jina lisichaguliwe kwa mikono iliyonyooshwa, maana mikono hiyo ni ile ile ya siku zote, ya madawati mawili ya mbele. Majina yaliyoandikwa kwenye vijiti au vipande vya karatasi ndani ya kopo humwondolea mwalimu upendeleo asioujua, na humwondolea mtoto dhana kwamba ameonewa.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba kumwita mtoto asiyenyoosha mkono ni kumwaibisha. Pingamizi hili lina ukweli, na ukweli wake unategemea kinachofuata baada ya jibu baya. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule. Sitaki kuugeuza mjadala huu kuwa wa fimbo, ila mbinu zote ninazozieleza zinakufa siku mtoto anapochapwa kwa kukosa jibu. Baada ya hapo hutaona tena kosa lake, maana atakuwa ameajiri akili yake yote katika kulificha. Kicheko cha wenzake kinafanya kazi hiyo hiyo kwa ukali karibu ule ule. Mwalimu anaweza kumlinda mtoto kwa kumpa dakika moja ya kuzungumza na jirani yake wa dawati kabla ya majina kutajwa. Kwa njia hiyo anapoitwa anasema walichofikiria wawili, na kosa halimwangukii peke yake. Katika madarasa ya sekondari dakika hiyo iwe ya Kiswahili, au ya Kisukuma ikibidi, hata kama jibu la mwisho litatolewa kwa Kiingereza. Mtoto anayetafuta wazo na lugha kwa wakati mmoja mara nyingi hukosa vyote viwili.

Kuna pingamizi jingine lenye mizizi zaidi: kwamba kuitikia kwa pamoja ni desturi yetu, tumelelewa nayo katika hadithi, nyimbo, sala na jandoni, na anayetaka kuiondoa shuleni anatuletea darasa la watoto 20 la Ulaya. Sitaki kuiondoa. Kukariri jedwali la kuzidisha, kusoma silabi, kushika matamshi ya maneno mapya, yote hayo yananufaika na sauti za pamoja, na mtoto mwenye aibu hupata ndani yake mahali pa kujaribu bila kusikika. Tena wapo waliokifanya kiitikio kuwa kipimo. Siegfried Engelmann na wenzake Marekani, kuanzia miaka ya 1960, walijenga mfumo wa kufundisha ambao watoto hujibu kwa pamoja kwa ishara ya mkono, wote kwa mara moja, ili asiwepo wa kumfuata jirani, na mara tu baada ya hapo mmoja mmoja huulizwa. Mfumo huo ulifanya vizuri katika tathmini kubwa ya serikali ya nchi ile iliyoanza mwaka 1968. Mpango wa Tusome, ulioenea shule za msingi za umma Kenya tangu 2015, ulifuata mpangilio unaokaribiana na huo: kwanza mwalimu anasoma, kisha wote wanasoma naye, mwishoni mtoto anasoma mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo hurukwa muda ukibana, nayo ndiyo pekee inayompa mwalimu habari.

Na tukizungumzia desturi, tutazame chuo cha Kurani cha pwani. Mpita njia wa zamani Unguja au Lamu aliyesikia makelele yale ya watoto alidhani wanasoma kwa pamoja. Sivyo. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na somo lake: mmoja yuko kwenye alifu kwa kijiti, mwingine yuko katikati ya juzuu, na makelele yalitokana na kila mmoja kusoma lake kwa sauti. Zamu ikifika, mtoto alikwenda mbele ya mwalimu, akasoma peke yake. Akiteleza, alirudi na ubao ule ule. Akishika, ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa. Chuo kilikuwa na mapungufu yake, na fimbo yake pia, lakini hakikumpandisha mtoto kwa sababu tu wenzake wamepanda. Mitaala mipya inataka kila mtoto apimwe kwa umahiri wake, na watu wa pwani walikuwa wakifanya hivyo barazani.

Nina neno moja juu ya vikundi, kwa sababu vimegeuzwa kuwa jibu la kila swali. Tangu mtaala wa Tanzania uelekezwe kwenye umahiri mwaka 2005, semina baada ya semina imesisitiza mbinu shirikishi, na katika shule nyingi mbinu shirikishi imekuwa na maana ya kusogeza madawati. Watoto kumi wanazunguka karatasi moja ya manila, mwenye mwandiko mzuri anaandika, wawili wanabishana, saba wanasubiri. Kisha kiongozi wa kikundi anasoma mbele na darasa linapiga makofi. Hicho ni kiitikio kingine, cha polepole zaidi. Kikundi cha wawili, au cha watatu wanaokaa dawati moja, chenye swali moja gumu na dakika mbili, kinafanya kazi ambayo kikundi cha kumi hakiwezi, na hakuna dawati linalosogezwa.

Limebaki sasa suala la madaftari. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya watoto 80 ana madaftari 240, na zoezi la maswali kumi kwa kila moja ni hesabu 2,400 za kusahihisha. Anayezisahihisha zote kwa makini hayupo, kwa hiyo anaweka alama za vema kwa kasi, na mtoto anarudishiwa namba isiyomwambia kitu. Ni afadhali dakika tano za mwisho watoto wajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi, wakiandika jina. Mwalimu anavipitia vipande 80 kwa sekunde 5 kila kimoja, chini ya dakika 7, bila kuweka alama yoyote, akivigawa mafungu matatu: walioshika, waliokosea kosa linalofanana, na waliopotea kabisa. Fungu la pili linapangia mwanzo wa somo la kesho. Fungu la tatu lina majina ya watoto wa kuitwa karibu na meza wakati wengine wakifanya zoezi. Kama fungu la kwanza lina watu 20 tu, mada haijafundishwa, hata kama azimio la kazi linasema imekwisha.

Ndipo linapokuja pingamizi ambalo mwalimu wa taaluma hulitoa kwa sauti ya mwisho: silabasi. Mtihani wa darasa la saba unakuja Septemba, mada ni nyingi, anayesimama kila wakati kupima hatafika. Jibu langu ni kwamba hesabu yake inafanywa upande mmoja. Mwalimu anayekimbia humaliza mada, kisha hutumia miezi ya mwisho kuzirudia zote kwa kasi, pamoja na masomo ya ziada ya jioni na Jumamosi, kwa sababu watoto hawakumbuki. Muda uliookolewa Machi unalipwa Agosti pamoja na riba. Na kuuliza si kupima tu, ni kufundisha pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne, jingine likakisoma mara moja kisha likatakiwa mara tatu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi, na wale waliojitahidi kukumbuka walikuwa na asilimia 61 hivi. Mwalimu anayeanza kila kipindi kwa maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yajibiwe kimya daftarini kabla ya neno lolote jipya, anatumia dakika tano na hapotezi hata moja.

Lakini kujua nani hajashika bila kufanya lolote ni ukatili wa aina yake, na hapa nakiri kwamba mwalimu mmoja peke yake hafiki mbali. Darasani mwake wamo watoto ambao hawajui silabi na wengine wanaoweza kusoma gazeti. Ushahidi wa Kenya unasaidia kufikiri. Mwaka 2005, shule 140 za magharibi zilipata fedha za kumwajiri mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza, na madarasa yakapungua kutoka watoto wapatao 80 hadi karibu 45. Watoto waliobaki na mwalimu wao wa kawaida, katika darasa lililopungua hivyo, hawakupanda kwa kiasi cha kuhesabika. Lakini katika shule zilizochaguliwa kwa kura kugawa mikondo kwa kiwango cha watoto, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walikuta wote wamepanda, walio juu na walio chini, kwa sababu kila mwalimu aliweza kufundisha karibu na mahali watoto walipo. Wanaosema kugawa kwa viwango kunampiga mtoto muhuri wa ujinga wana hoja, na ndiyo maana napendelea njia ya shirika la Pratham la India, ambayo Zambia imeichukua katika shule zake za serikali: kwa sehemu tu ya siku watoto hupangwa kwa kiwango cha kusoma au kuhesabu, bila kujali darasa, hupimwa tena kila baada ya muda mfupi na kuhamishwa, kisha hurudi kwenye madarasa yao. Shule yenye walimu sita inaweza kufanya hivyo saa moja kwa siku, mwalimu mkuu akikubali kuigusa ratiba.

Kuhusu mishahara, nyumba za walimu na vyumba vya madarasa sina la kupunguza. Serikali inayojaza watoto 120 chumba kimoja haina haki ya kumfundisha mwalimu ufundi wa kuuliza na kujiona imemaliza. Madai hayo yaendelee, kwenye vyama vya walimu na bungeni. Watoto wa mwaka huu, hata hivyo, watakuwa wamemaliza shule kabla vyumba havijajengwa.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule, kwa kuwa mwalimu hufundisha kile anachokaguliwa. Mnapoingia darasani, msianze na azimio la kazi wala uzuri wa maandalio. Chagueni watoto watano wa madawati ya nyuma, muwaulize kwa upole, mmoja mmoja, swali moja la mada ya wiki iliyopita, kisha mmuulize mwalimu ni yupi kati yao alitarajia angekosea, na angekosea vipi. Mwalimu anayeweza kujibu hilo apewe alama za juu, hata kama yuko mada mbili nyuma ya ratiba.